Bi Pimbi, Komeo la Kiboko na Boma la Nyati

Fumbeni macho kidogo, wanangu. Mmefumba? Wewe wa nyuma, nakuona unachungulia! Haya. Sasa tazameni huko ndani ya vichwa vyenu: mji mzima wa mawe, mawe makubwa kama nyumba. Juu ya kila jiwe ameketi mnyama, na mbele ya kila mnyama kuna kompyuta. Twiga ameinama mpaka shingo imepinda kama ndoana. Kobe anabonyeza herufi moja, ta! Anapumzika. Anabonyeza nyingine, ta! Anapumzika tena. Mmeona? Basi fumbueni, twende.

Hapo zamani za kale, wala si ile kale ya mbali, bali kale ya jirani, wanyama walipokuwa wamekwisha kununua kompyuta lakini hawajajua kuzilinda, mji huo uliitwa Majabalini. Na jiwe dogo kuliko yote lilikuwa la Bi Pimbi.

Pimbi mnamjua? Ni mdogo kama sungura aliyenyimwa masikio. Hana mkia hata wa kuazima. Lakini miguu yake haitulii, na ulimi wake haulali.

Bi Pimbi alikuwa na binti mmoja, Tunu, na Tunu alikuwa anaolewa mwezi utakapojaa. Basi nyumba nzima ilikuwa shangwe tupu! Huku wanatwanga, kule wanasuka ukili, kule wanagombana nani avae kitambaa cha njano.

Sasa sikilizeni desturi yao. Bibi arusi wa Majabalini hatoki nje bila wimbo wake. Kila shangazi, popote alipo, hutunga ubeti mmoja na kuutuma kwenye kompyuta ya mama wa bibi arusi. Mama hausomi. Anautunza tu, ubeti juu ya ubeti, mpaka asubuhi ya harusi ndipo anaufungua na wote wanauimba kwa mara ya kwanza. Wimbo ukisikika kabla ya siku hiyo, umechacha. Hauimbwi tena. Bibi arusi anatoka kimya kimya, kama mtu anayekwenda kuchota maji.

Na mwezi huohuo, binti wa Swala alikuwa ametoka kimya kimya.

Kwa nini? Kwa sababu ya Nyegere. Nyegere yule mwenye mgongo mweupe, mwizi wa asali. Alipochoka kuingiza pua kwenye mizinga, akaanza kuiingiza kwenye kompyuta za watu. Aliuchukua wimbo wa binti wa Swala, akasimama sokoni, akauimba wote kwa sauti ya pua. Akamaliza kwa kupiga makofi mwenyewe.

"Wa Swala nimeuimba!" akapiga kelele. "Mwezi ukijaa nitauimba wa Pimbi! Kwi kwi kwi!"

Tunu alisikia. Alivua kitambaa cha njano, akakikunja, akakiweka chini.

Bi Pimbi akautupa mchi. Akatoka mbio mpaka mtoni kwa Kiboko.

Kiboko ndiye aliyekuwa ametengeneza programu ya kulinda kompyuta za mji mzima. Aliiita Komeo. Kila nyumba ilikuwa na Komeo, kwa sababu hapakuwa na kingine. Na Kiboko, baada ya kulitengeneza, aliingia majini akajilaza. Tangu hapo hakuligusa tena.

Jambo moja zaidi mlijue: ukoo wa Pimbi una utani na kila mwenye miguu mizito. Kiboko, Nyati, wote ni watani wake. Na mtani, wanangu, anaruhusiwa kusema lolote. Neno lake halichukuliwi kwa uzito, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, unatozwa faini, na faini anaichagua mtani.

"Ewe mdomo gunia!" Bi Pimbi akaita kutoka ukingoni. "Unaoga mchana kutwa na bado hujatakata?"

Maji yakafanya bwabwabwa. Yakatokea matundu mawili ya pua, kisha macho mawili.

"Ewe usiye na mkia," Kiboko akajibu kwa uvivu. "Umekuja kuutafuta huku?"

"Nimekuja kwa ajili ya Komeo lako, mtani. Linavunjwa!"

"Komeo halivunjwi."

"Halivunjwi kweli, linafunguliwa tu! Nyegere anabisha hodi. Komeo linamwuliza, 'Wewe ni mwizi?' Nyegere anaandika, 'Hapana.' Komeo linamwambia, 'Karibu ndani!'"

"Sasa ulitaka limwambie nini?" Kiboko akasema. "Mtu amesema si mwizi."

"Mtani wangu! Asubuhi nimeingia kwenye kompyuta yako mwenyewe. Nimeandika 'Hapana', nikakaribishwa ndani. Nimeona picha yako umelala chali na yungiyungi limeota puani!"

Kiboko akacheka mpaka mawimbi yakafika ng'ambo.

"Litengeneze upya, Kiboko. Tunu ataolewa bila wimbo."

"Aaah, kazi hiyo." Akapiga mwayo, na ndani ya mwayo ule Bi Pimbi angeweza kujenga jiko. "Kwani utakwenda kwa nani? Mji mzima ni mimi tu. Nikilala, wateja wangu hao. Nikiamka, wateja wangu haohao. Basi niamke kwa nini?"

Akazama. Bwabwabwa.

Bi Pimbi akabaki ukingoni anatafuna ukucha. Maneno ya Kiboko yalikuwa yanamzunguka kichwani. Niamke kwa nini? Niamke kwa nini? Ghafla akaruka juu kama aliyekalia siafu.

"Ndiyo!" akasema. "Huyu hajakosa akili. Amekosa wa kumwamsha!"

Akakimbia, tii tii tii, mpaka mbugani kwa Nyati.

Nyati naye alijua kuandika programu, tena alijua sana. Lakini aliona Kiboko ameshika mji wote, akakata tamaa, akawa anacheua majani tu na kuhesabu kupe wake.

"Salamu zako kutoka mtoni, mzee wa kupe!" Bi Pimbi akasema. "Kiboko anasema wewe una pembe mbili lakini wazo hata moja huna."

"Mfff!" Nyati akaacha kucheua. "Kiboko kasema hivyo?"

"Ana haki ya kuringa, mwenzio. Komeo lake jipya haliulizi tena kama wewe ni mwizi. Linadai neno la siri! Kila nyumba na neno lake. Usipolijua, huingii."

"Yule bonge la uvivu ametengeneza kitu kama hicho?"

"Mimi ni mtani wako," Bi Pimbi akasema huku anajikuna shavu. "Nasema ninayosema."

Nyati alipaswa kuishika kauli hiyo. Lakini wivu ulikuwa umeshamwingia masikioni, na masikio yenye wivu hayasikii vizuri. Akageuka, akaingia ndani kwake, na muda si muda zikasikika kwato juu ya kompyuta: ta-ta-ta-ta-ta!

Alipotoka, alikuwa na programu mpya. Akaiita Boma. Boma lilidai neno la siri.

Swala walikuwa wa kwanza kuhama. Wakafuata Digidigi, kisha Kobe, ingawa Kobe alichukua muda kufika. Na Bi Pimbi? Alikwisha kurudi mtoni zamani!

"Kiboko! Toka humo, nyumba inaungua!"

"Nipo majini, itaunguaje?"

"Nyati ana programu inaitwa Boma. Swala wamehamia huko. Digidigi wamehamia. Hata Kobe yuko njiani!"

Matundu ya pua yakatokea haraka kuliko siku zote. "Nyati? Nyati wa kupe?"

"Boma lake linadai neno la siri. Na si hilo tu! Ukikosea mara tatu, linapiga yowe, mwiziii!, mpaka majirani wanatoka na mwiko."

Neno la siri lilikuwa kweli. Yowe halikuwepo. Bi Pimbi alikuwa amelitunga njiani, alipojikwaa na kupiga yowe mwenyewe.

"Haiwezekani," Kiboko akanung'unika.

"Haya, lala basi. Mimi naona wateja wako wakipita."

Na kweli, ng'ambo ya mto akapita Ngiri na wanawe, mikia juu kama bendera, wanaelekea mbugani.

Wanangu, mmewahi kumwona kiboko akitoka majini kwa haraka? Chubwiii! Bwaaaa! Samaki wakajikuta juu ya miti. Kiboko akakaa mbele ya kompyuta yake akiwa bado anatiririka maji, na kufikia jioni Komeo lilikuwa na neno la siri, tena lilikuwa na yowe. Yowe lenyewe lilirekodiwa kwa koo la Kiboko. Walipolijaribu, Twiga akaruka ua.

Ngiri akasikia habari, akageuka njiani na wanawe wote, akarudi kwa Komeo.

Basi ikawa hivyo. Bi Pimbi mtoni, Bi Pimbi mbugani. Tii tii tii huku, tii tii tii kule. Kila alipofika alikuwa na ukweli nusu na utani nusu, na utani wa asubuhi ulikuwa ukweli kufikia jioni.

"Nyati! Komeo la Kiboko kila alfajiri linajifunza hila mpya za wezi, kama mtoto anayekwenda chuoni!"

"Mfff! Ta-ta-ta-ta!" Na Boma likaanza kujifunza kila alfajiri.

"Kiboko! Boma la Nyati, hata ukilijua neno la siri, bado linatuma namba kwenye simu ya mwenye nyumba. Bila namba hiyo, hakuna kuingia!"

"Bwaaaa! Ta-ta-ta-ta!" Na Komeo likaanza kutuma namba kwenye simu.

Lakini siku moja Nyati alizidisha. Alitaka kumpita Kiboko kwa hatua kubwa, akalifanya Boma liulize maswali mengi. Unaitwa nani? Shangazi yako anaitwaje? Jana ulikula nini? Una hakika? Swala mmoja alianza kujibu asubuhi akiwa na njaa, akamaliza jioni akiwa amezimia. Nyati mwenyewe akafungiwa nje ya kompyuta yake, kwa sababu hakukumbuka jana alikula majani gani.

"Nifungulie! Ni mimi!" akawa anaipigia skrini kelele.

"Hata wezi husema hivyo," Boma likajibu.

Siku ileile nusu ya wateja wake wakahamia kwa Kiboko. Nyati akalazimika kukesha akilirahisisha, mpaka likawa gumu kwa mwizi na jepesi kwa mwenye nyumba. Hakuambiwa na Bi Pimbi safari hii. Aliambiwa na migongo ya wateja waliokuwa wakiondoka.

Na Nyegere je? Masikini Nyegere! Zamani alikuwa anaiba huku anasinzia. Sasa alikuwa anatoka jasho mpaka mgongo wake mweupe umekuwa wa kijivu. Akibisha huku, "Mwiziii!" Akibisha kule, "Mwiziii!" Lakini hakuacha. Alikuwa ameapa mbele ya soko lote, na alijua kuwa mwezi unakaribia kujaa.

Ikafika siku ya kuamkia harusi. Beti zote za mashangazi zilikuwa zimeshaingia, isipokuwa mmoja, wa shangazi wa Jabali la Mbali, ambaye ni mzito wa kutunga. Bi Pimbi alikuwa ameweka Komeo jipya la Kiboko kwenye kompyuta yake. Kabla ya hapo alijaribu kuweka Komeo na Boma pamoja, wakashikana: "Mwizi!" "Mwizi wewe!" "Mwiziii!" Ikabidi amwondoe mmoja.

Alikuwa anachambua mchele aliposikia ardhi ikitetemeka. Tii! Tii! Tii! Kutoka upande wa mto akaja Kiboko. Kutoka upande wa mbuga akaja Nyati. Kila mmoja alikuwa amesikia wimbo wa harusi uko hapa, na kila mmoja alitaka programu yake ndiyo iulinde. Wakakutana uso kwa uso mlangoni.

"Wewe mwizi wa wateja!" Nyati akaunguruma. "Neno la siri uliliwaza wewe kwanza, sikatai. Lakini wateja ni wangu!"

Kiboko akakunja uso. "Neno la siri mimi? Nilikuiga wewe! Na namba ya simu pia nilikuiga wewe."

"Mimi sikuwa na namba ya simu. Nilisikia wewe unayo."

"Nani alikwambia?"

"Na wewe, nani alikwambia?"

Wakageuza vichwa vyao vikubwa polepole. Wakamtazama Bi Pimbi. Bi Pimbi akatazama mchele.

"WEEEWE!" wakaunguruma pamoja. Ungo ukaruka, mchele ukamwagika kama mvua.

Tunu akachungulia mlangoni, macho makubwa. Msimwone Bi Pimbi hodari. Kwato moja tu ya Nyati ingemfanya mkeka. Lakini ulimi wake, kama nilivyowaambia, haukulala.

"Nyote wawili mmekasirika?" akauliza.

"Tumekasirika sana!"

"Mmemkasirikia mtani?"

Kiboko akakumbuka faini. Nyati akakumbuka faini.

"Tangu lini," Bi Pimbi akasema, sauti imeanza kupanda, "tangu lini neno la mtani likawekwa kwenye mizani? Nilimwambia Nyati nasema ninayosema! Wewe Kiboko, ningekwambia mwezi una mkia ungekwenda kuushika? Mimi nilitania tu. Kutengeneza mmetengeneza wenyewe!"

Kabla hawajajibu, kompyuta ikalia ndani: "Mwiziii!"

Wote wakakimbilia ndani, mpaka mlango ukabaki umevaliwa na Kiboko shingoni. Kwenye skrini, mtu alikuwa anabahatisha neno la siri. Asali. Nta. Mzinga.

"Ni Nyegere!" Tunu akasema. "Nani mwingine angewaza asali tu?"

Skrini ikafunga. Kisha ikaamka tena. Safari hii neno lilikuwa sahihi! Nyegere alikuwa amejificha nyuma ya jiwe juma zima, akimsikiliza Bi Pimbi anavyolitamka neno hilo akiandika; hamu ya asali ndiyo iliyokuwa imemsahaulisha.

"Yamekwisha," Tunu akanong'ona.

"Bado," Kiboko akasema. "Ngoja namba."

Kriii! Simu ikalia kiunoni mwa Bi Pimbi. Namba imefika. Bila namba hiyo, Nyegere alikuwa amekwama mlangoni. Na kabla hawajapumua, kriii! simu ikalia tena. Sasa alikuwa mtu anapiga.

"Halooo," ikaja sauti nyembamba, ya pua. "Mimi ni shangazi yako wa Jabali la Mbali. Hujambo, mwanangu? Nataka kuleta ubeti wangu. Nisomee hiyo namba iliyokuja kwako."

Bi Pimbi akaitazama simu. Shangazi wa Jabali la Mbali alikuwa kweli hajaleta ubeti. Na kama ni yeye? Kumnyima shangazi jibu ni aibu. Kiboko hakuwa na programu ya kumsaidia hapo, wala Nyati. Hapo alikuwa peke yake.

"Sijambo, shangazi," akasema taratibu. "Shikamoo. Namba ni namba tu, itasubiri. Kwanza niimbie huo ubeti wako, mstari mmoja tu, nijue ni wewe." Shangazi wa kweli, wanangu, angegomba: wimbo hauimbwi kabla ya siku yake!

Mtu akakohoa.

"Eee... bibi arusi... eee... mtamu kama asali..."

"Kama nini?"

"Kama... asali ya... ya mzinga wa chini..."

Tunu akaangua kicheko, Nyati akaangua, na Kiboko alipocheka fremu ya mlango ikamwachia. Bi Pimbi akaita kwenye simu, "Nyegere! Kanawe nta mdomoni!" Simu ikakatwa, kap!

Wakacheka mpaka wakachoka. Ndipo Nyati akanyanyua kichwa, macho yanang'aa.

"Boma langu litatambua sauti ya mwenye nyumba. Pua ikibana tu, halifunguki."

"Sauti?" Kiboko akasema. "Komeo langu litatambua uso! Naanza sasa hivi."

"Wewe kaa hapo, mimi ndiye naanza!"

"Nani kakwambia?"

Na wote wawili wakageuka kuondoka mbio, mmoja mtoni, mmoja mbugani. Bi Pimbi hakuwa amesema neno hata moja.

"Rudini!" akaita. "Faini yangu!"

Wakarudi, vichwa chini.

"Mmemkasirikia mtani. Kesho mtacheza ngoma ya bibi arusi, mbele ya mji mzima, mmejifunga khanga."

Asubuhi, ubeti wa mwisho ukaingia, wa shangazi wa kweli. Bi Pimbi akafungua wimbo. Tunu akatoka, kitambaa cha njano begani, na Majabalini yote ikauimba kwa mara ya kwanza:

*Tunu wetu, Tunu njoo,*
*toka jabalini, toka;*
*mwenzio hana kituo,*
*miguu yote yachoka!*

Kiboko akacheza upande wa kulia, Nyati upande wa kushoto, khanga zikipasuka, na kila mmoja akimtazama mwenzake asije akampita kwa kuruka juu. Ndivyo ilivyokuwa, nami nimewapa kama nilivyopewa.

Nanyi, wanangu, kabla hamjasimama kukung'uta vumbi, naomba mkumbuke jambo moja tu: mlinzi asiye na mshindani husinzia, mwenye mshindani hunoa macho.